Vidonda vya Safu ya Saba

Mbadala aliponyang'anywa kisu mbele ya watu, baba mkwe wake alikuwa wa nne kwenye foleni, ndoo mbili za utomvu miguuni, na hakusema neno. Hilo tulianze nalo, kwa sababu ndilo lenyewe. Yote yaliyofuata yalitoka hapo, na mzee mwenyewe, hata ajitetee vipi, hana mahali pengine pa kuanzia.

Ilikuwa saa nne asubuhi kwenye banda la kupokelea. Wagema walikuwa wameshazunguka miti yao na kukusanya maziwa, maana utomvu wa mpira wao huuita maziwa, na sasa walingoja yapimwe kabla hayajaanza kuganda. Nyapara akatokea upande wa miti amemshika Mbadala kwa mkono wa shati. Mikono ya kijana ilikuwa na tope mpaka viwikoni.

"Mtazameni vizuri," nyapara alisema. "Nimemkuta safu ya saba anakandika tope juu ya kidonda. Nikakwangua mti wa pili, kidonda. Wa tatu, kidonda. Safu ya Mzee Uzi, jamani, safu tunayowapelekea wageni waione."

Kwa asiyeijua kazi hii, mti wa mpira haukatwi, unanyolewa. Kisu kinachukua utepe wa gome, kinaacha ngozi nyembamba juu ya ubao wa ndani, na maziwa yanateremka taratibu mpaka kwenye kikombe. Ukizidisha mkono kidogo tu umegusa ubao, na hapo mti una kidonda. Kikipona kinavimba nundu, na kwenye nundu hakuna kisu kitakachopita tena. Kila mgema hutia kidonda siku moja moja, naye ni binadamu. Unamwita nyapara, anaandika, unapaka dawa nyeusi ya kopo, unapunguziwa pointi, yameisha. Kisichosameheka ni kuficha. Chini ya tope maji yanajipenyeza, mti unaoza kimyakimya, na mti mmoja ukitunzwa unatoa maziwa miaka ishirini na tano. Soli za viatu, matairi ya baiskeli, glavu za daktari anayezalisha watoto wetu, vyote hivyo vinaanzia kwenye kikombe kile.

"Una la kusema?" nyapara aliuliza.

Mbadala aliinua macho. Hakumtazama nyapara, alitazama foleni, akampata baba mkwe wake, akayashusha tena. "Sina," alisema.

Basi kisu kikachukuliwa. Mgema mmoja anayeitwa Redio, kwa sababu haijulikani anazimwa wapi, akasema, "Pole, Mzee Uzi. Kijana amekuchafulia safu." Na Mzee Uzi, Mungu amsamehe, akatikisa kichwa kama mtu aliyechafuliwa safu.

Jina hilo la Uzi alipewa ujanani, kwa sababu utepe aliokuwa akinyoa ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Kazini alikuwa na miaka thelathini na moja. Wagema wapya wote walipitia mkononi mwake, na huyo Mbadala pia, kabla hajamwoa binti yake. Kazi ya mbadala ni kushika safu ya mgema anayeumwa, na mwaka ule Mzee Uzi aliumwa sana mgongo. Ndivyo alivyosema. Ukweli mgongo wake ungebeba gunia la saruji bila kulalamika. Kilichoumwa kilikuwa macho.

Ugonjwa ulianza kama ukungu wa asubuhi, akadhani ni ukungu. Kisha akaona hauondoki jua likipanda. Akawa ananyoa kwa kupapasa, kidole gumba kikitangulia, na mara nyingine kisu kilikwaruza ubao naye akasikia kwenye mpini. Siku ya kwanza aliketi chini ya mti mpaka jua likapanda. Siku ya pili alikwenda mti uliofuata. Hakumwita nyapara. Alijiambia ni kidonda kimoja, kisha viwili, kisha akaacha kuhesabu, na siku ambazo ukungu ulizidi alituma ujumbe kwamba mgongo umemkamata. Ilibaki miezi saba astaafu kwa heshima, apewe kiinua mgongo chake chote na ruhusa ya kukaa nyumba ya kampuni mpaka ajenge yake. Miezi saba tu. Mtu akiwa na macho mazuri haiwi kitu.

* * *

Jioni ile binti wa Mzee Uzi alifika kwa wazazi wake na mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Baba, nimekuja kukuomba," alisema. "Mume wangu hasemi. Nimemuuliza tangu mchana, ananiambia yamepita. Yamepita vipi, na jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya ajira za kudumu?"

"Yule ana haraka," mama yake alidakia akiwa penye sufuria. "Nilisema siku ya posa. Anakula haraka, anatembea haraka. Kisu hakitaki haraka."

"Mama, hana haraka ya namna hiyo."

"Basi vidonda vimejitia vyenyewe?"

Mzee Uzi alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imepoa, lakini kikombe kilimpa kazi ya kufanya.

"Baba, wewe ndiye uliyemfundisha," binti alisema, na sauti ikaanza kumlegea. "Meneja anakuheshimu. Ukienda ukamwombea, neno lako halianguki. Mwambie ni mara ya kwanza. Mwambie tuna mtoto."

"Nitakwenda," Mzee Uzi alisema. Angesema nini?

Binti akapiga magoti, akamshika miguu. Ndipo mzee alipojua kwamba aibu ina vyumba, unaingia kimoja unakuta mlango wa kingine. Alimwambia ainuke, akamwambia kwa ukali, na mkewe akashangaa ukali huo umetoka wapi.

* * *

Alikwenda kesho yake amevaa koti lake la harusi. Meneja alimvutia kiti mwenyewe.

"Najua kilichokuleta," alisema. "Na kama si wewe, nisingefungua hata mlango. Unajua vidonda vingapi nyapara amekwangua mpaka sasa? Kumi na vinne, na hajafika katikati."

Mzee Uzi, kwa hesabu yake mwenyewe, alidhani ni kumi. Kumi na viwili, ukimbana.

"Mheshimiwa," alisema, "kuhusu vidonda vile..."

"Ndiyo?"

Ilikuwa pale, kwenye ulimi. Meneja alikuwa ameegemea mbele, mtu mpole, miwani mikubwa usoni, na mzee aliiona miwani ile kama madoa mawili ya mwanga. Akafikiria nyumba. Akafikiria mkewe akifunga vyombo kwenye shuka mbele ya majirani.

"...kijana ni wa kwangu," alimalizia. "Nimekuja kumwombea."

Meneja alishusha pumzi. "Kazi siwezi kumrudishia. Lakini kulikuwa na shauri la kumdai fidia ya miti. Hilo nitalifuta, kwa heshima yako. Mwambie amshukuru baba mkwe wake."

Alitoka ofisini amepewa zawadi. Njiani watu walimsalimia kwa sauti ya msibani, na kila salamu aliipokea, maana ungeikataaje? Nyumbani binti yake alipiga simu kumshukuru, akashukuru mpaka salio likakatika.

Mkewe alisubiri amalize kuvua koti. Kisha akachukua sindano kwenye kikapu chake na uzi, akavitia mikononi mwa mumewe.

"Nitungie," alisema.

"Sasa hivi? Nimechoka."

"Nitungie, baba watoto. Zamani ulikuwa unanitungia hata kwa mwanga wa kibatari."

Alijaribu. Uzi ulipita kushoto, ukapita kulia. Alijaribu tena. Mkewe alisimama tu, hakumsaidia, na mwisho akavichukua vyote viwili taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na vidonda?"

Mzee aliangalia mikono yake. Mkewe aliketi kitandani kwa kishindo, mwanamke mnene aliyezoea kutawala nyumba ile, na kwa muda hakutawala chochote.

"Nami nimemtukana yule kijana," alisema. "Nimemtukana mbele ya mke wake."

"Kesho nitasema."

"Ngoja." Alimshika mkono. "Ngoja kwanza. Yeye ni kijana. Atapata kazi kwenye machimbo, sokoni, popote. Sisi tutapata wapi nyumba? Ni miezi saba. Ukishastaafu, tutawapa nusu ya kiinua mgongo. Tutawapa zaidi ya nusu. Hawatajua kwa nini, lakini tutawapa."

Lilikuwa shauri zuri. Ndilo lililomtisha mzee, kwamba lilikuwa zuri kiasi kile na kwamba alishaliwaza yeye mwenyewe barabarani. Mkewe naye aliusikia ubaya wake baada ya kulitamka, akageuza uso ukutani. Walikaa hivyo mpaka maji ya ugali yakakauka jikoni.

* * *

Siku ya nne, saa ya kupima maziwa, Mzee Uzi alifika bandani bila ndoo.

"Nataka kusema jambo," alimwambia nyapara. "Mbele ya wote, kama mlivyomfanyia yule."

Wakageuka. Hata meneja, aliyekuja kuangalia mizani, akasimama.

"Vidonda vya safu ya saba ni vyangu. Mbadala hakutia hata kimoja."

Unadhani walishtuka? Walimhurumia. Nyapara alimgusa bega. "Mzee wetu, moyo wako tunaujua."

"Jamani, mkwe kama huyu nami nitafutieni," alisema Redio. "Wangu mimi hata chumvi hanipi." Watu wakacheka, kicheko kizuri cha kumpenda mtu, na meneja akatabasamu akitikisa kichwa.

"Mzee Uzi," meneja alisema, "nimeshakwambia fidia nimefuta. Huna haja ya kujipaka matope."

"Sijipaki. Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Nipeni kisu."

Hakuna aliyempa. Ikabidi aombe mara ya pili, na ya tatu, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa akiomba kama anaomba nauli. Mwisho nyapara akamkabidhi kisu chake, akampeleka kwenye mti ulio karibu na banda, kwa upole, kama anampa mgonjwa anachotaka.

Jua lilikuwa kali na mti ulikuwa mzuri. Mzee Uzi aliweka kidole gumba kwenye mstari wa jana, akaegesha kisu, na hapo, kwa aibu yake nyingine, akatamani mkono umwokoe. Mkono ulikuwa na miaka thelathini na moja ya kazi. Ukinyoa sawasawa mara hii moja, wote watamchukua kwa shangwe mpaka nyumbani, na atakuwa amesema ukweli na hautakuwa umemgharimu kitu. Alivuta. Gome lilitoka jembamba, jembamba, likaning'inia, na nyuma yake mtu akaguna kwa kuridhika.

Kisha kisu kikakwaruza.

Aliisikia sauti ile kwenye mpini, akaendelea kuvuta mpaka mwisho wa mstari, kwa makusudi sasa, ili kusiwe na ubishi. Alipoacha hakuona chochote ila weupe umeenea mahali usipotakiwa. Hakuhitaji kuona. Redio alikuwa amenyamaza.

"Twende safu ya saba," meneja alisema. Sauti ilikuwa imebadilika.

Walikwenda wote, kazi ikasimama, maziwa yakaachwa yagande. Nyapara alitembea mti kwa mti na kipande cha bati, akikwangua na kuhesabu kwa sauti. Kumi na tano. Kumi na sita. Mzee Uzi alifuata nyuma, mkono mmoja kwenye bega la mtu asiyemjua ni nani. Ishirini na tisa. Alitaka kusema inatosha, hivyo haviwezi kuwa vyangu, lakini nyapara alimpelekea vidole kwenye mti mmoja, na vidole vikalitambua kosa lao. Hamsini. Sitini na mbili. Walipofika mwisho wa safu ilikuwa themanini na tatu.

"Na tope hili lote," nyapara aliuliza, "ulilipata wapi muda wa kulipaka, wewe usiyeona?"

"Mimi sijapaka tope hata mti mmoja," Mzee Uzi alisema.

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, ndipo alipoyaelewa. Miti themanini na mitatu. Mtu alipita nyuma yake, siku zile za mgongo na asubuhi yeye akishaondoka na ndoo, akakuta aliyoyafanya, akachota tope mtoni kwa mikono, mti baada ya mti, mwaka mzima. Wote waliokuwepo walielewa pamoja naye. Hakuna aliyelitaja jina.

Meneja aliivua miwani akaifuta kwa shati. Alisema Mzee Uzi amemaliza kazi leo, nyumba ni mpaka mwisho wa mwezi, na kiinua mgongo kitaamuliwa na wakubwa wake, yeye hawezi kuahidi. Kuhusu Mbadala, alisema arudi, lakini jina lake litaanzia mwisho wa orodha. "Kutia kidonda hakutia," alisema. "Kuficha ameficha."

* * *

Binti na mumewe walipanga chumba kwenye mstari wa vyumba nyuma ya soko. Mzee Uzi alifika jua likiwa limeinama, na binti, ambaye hakuwa na habari, alimpokea kwa furaha, akamfutia kiti, akampakatisha mjukuu. Mbadala alikuwa mlangoni anaziba mpira wa ndani wa baiskeli ya jirani. Aliosha mikono haraka, akaja akasimama.

"Keti, mwanangu," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kusimama. Nimesema leo, mbele ya wote. Utarudi kazini, lakini wamekuweka mwisho wa orodha."

Mbadala hakuuliza amesema nini. Binti ndiye aliyeuliza. "Umesema nini, baba?"

"Kwamba vidonda ni vyangu. Macho yangu yamekwisha."

Binti alimtazama babake, akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama sakafu.

"Nilidhani ni kumi," mzee alimwambia Mbadala. "Nakuapia. Nilidhani ni kumi na viwili."

"Niliacha kuhesabu kwenye sabini."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kijana alipojibu hakukuwa na ukali, na afadhali ungekuwepo. "Ningeanzia wapi, baba? Ningekuja nyumbani kwako, niketi, nikwambie wewe huoni? Wewe uliyenishika mkono ukanionyesha gome linaishia wapi? Nilisema nitaziba mpaka ustaafu. Ilibaki kidogo."

"Na siku ile kwenye foleni?"

"Siku ile," Mbadala alisema. "Siku ile nilidhani utasema."

Basi. Binti aliinuka, akainama, akamtoa mtoto mapajani mwa babu yake. "Nakwenda kumwogesha," alisema, ingawa hakuna maji yaliyokuwa yamebandikwa. Alisimama naye kwenye kona amemkumbatia, amewapa mgongo wote wawili, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka.

Mzee Uzi alitaka kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Lakini mlango ulikuwa umeanza kuingia kiza, na kiti alichokalia, na nyuso zao, na akajua kwamba akikaa dakika chache zaidi hatapata njia. Ilimbidi aseme jambo dogo kwanza.

"Giza likianza sioni kabisa," alisema. "Nimekuja nikishika kuta. Kurudi siwezi peke yangu."

Binti hakugeuka. Mbadala alisubiri kuona kama atageuka, kisha akavaa viatu, akamfuata mzee, akamshika mkono.

Njia ya kwenda nyumba za kampuni inapita katikati ya soko, na saa ile wagema walikuwa wamejaa vibarazani. Habari zilikuwa zimewafikia hata wasiokuwepo. Mzee Uzi alisikia mazungumzo yakikatika walipokaribia na kuanza tena walipopita. Hakuna aliyemzomea. Redio aliwasalimia kwa sauti ya chini, akamsalimia Mbadala kwanza.

"Kuna ngazi hapa, baba," Mbadala alisema. "Tatu."

Mzee Uzi akazihesabu kwa miguu. Moja. Mbili. Tatu.